Rafu ya mboga ikiwa tupu: tafuta chanzo kabla ya kuilaumu mvua

Saa kumi na moja alfajiri katika soko la Ilala jijini Dar es Salaam, matenga ya nyanya huwa yameshashushwa, madalali wameshakubaliana bei ya kuanzia, na akina mama wa genge wanapekua nyanya za juu ili waone kilichofichwa chini. Saa tatu baadaye, katika supamaketi iliyo kilomita chache tu kutoka hapo, mteja anakuta rafu ya nyanya iko wazi na karatasi imebandikwa kwamba nyanya hazipatikani kwa sababu ya mvua. Nimefanya kazi ya ununuzi wa mboga na matunda kwa maduka ya aina hiyo kwa miaka mingi, nami nimewahi kuruhusu karatasi kama hiyo ibandikwe kabla sijauliza swali hata moja. Mvua ilikuwa inanyesha kweli siku ile, lakini nyanya zilikuwepo Ilala.

Mwongozo huu ni kwa msimamizi wa kitengo cha mboga na matunda, kwa meneja anayepokea malalamiko ya wateja, na kwa msambazaji asiyeelewa kwa nini mzigo wake haufiki rafuni. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam kwa kuwa ndipo ninapopajua, ingawa mtu wa Nairobi, Mombasa au Kampala atayatambua mengi. Utaratibu ninaoupendekeza ni kuanzia rafuni na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka shambani. Wengi huanzia shambani kwa sababu ndiko kunakoelezeka kwa wepesi, nako ndiko mwenye duka asikokuwa na uwezo wa kurekebisha lolote kwa leo wala kesho.

Kipimo cha kwanza: soko la jumla, asubuhi hiyohiyo

Kabla hujampigia simu mtu yeyote, mtume mfanyakazi mwenye jicho la mnunuzi kwenye soko ambalo wasambazaji wako huchukulia mzigo: Ilala kwa nyanya, Mabibo kwa ndizi na matunda, au lolote lile lililo karibu nawe. Asiulize bei peke yake. Awaulize wapagazi ni malori mangapi yameshuka leo na ni mangapi hushuka siku ya kawaida, kwa sababu mpagazi anayelipwa kwa tenga hawezi kuikosea hesabu hiyo, wakati dalali ana kila sababu ya kukwambia mzigo ni haba.

Majibu huwa ya aina tatu. Ikiwa soko limejaa na bei ni ya kawaida, tatizo liko ndani ya duka lako au kati yako na msambazaji. Ikiwa soko lina mzigo lakini bei imepaa, mzigo huo unakwenda kwa yule anayeweza kulipa bei ya leo, na huenda makubaliano yako ya bei ndiyo yanayokufungia nje. Ikiwa soko lenyewe ni kavu, hapo ndipo unapokuwa na haki ya kuanza kuulizia barabara, mvua na wadudu.

Jibu la pili ndilo linalopuuzwa zaidi, na mfano wake mkubwa ulionekana Uingereza. Mwezi Februari 2023 maduka makubwa ya huko, yakiwemo Tesco, Asda, Morrisons na Aldi, yaliwawekea wateja kikomo cha nyanya, matango na pilipili hoho, pakiti mbili au tatu kwa kila mtu. Sababu za msingi zilikuwa za kweli: baridi isiyo ya kawaida kusini mwa Hispania na Morocco ilipunguza mavuno, vivuko vilikwama kwa dhoruba, na wakulima wa Uingereza wenye nyumba za vioo walikuwa wamechelewesha kupanda kwa sababu ya gharama ya nishati. Hata hivyo, katika wiki hizohizo wenye vibanda vya mtaani na maduka madogo ya mboga walikuwa na nyanya, kwa bei ya juu. Wao walinunua kwa bei ya siku katika masoko ya jumla. Maduka makubwa yalikuwa na mikataba ya bei iliyopangwa zamani, na mzigo mdogo uliokuwepo ulikwenda kwa aliyelipa zaidi. Ndugu zetu waishio kule waliofunga safari ya kwenda sokoni badala ya supamaketi walirudi na nyanya zao.

Dalili: soko limejaa, rafu yako iko tupu

Anza na malipo. Najua wahasibu hawapendi kusikia hivi, lakini katika miaka yangu yote hakuna chanzo kilichojificha vizuri kuliko hiki. Msambazaji wa mboga hukusanya mzigo kwa fedha taslimu, kwa sababu mkulima wa Ilula au Lushoto hakopeshi mtu asiyemjua, na hata anayemjua humkopesha kwa shida. Chukulia kwamba analeta mzigo wa shilingi milioni 1 kila siku na duka linamlipa baada ya siku 45. Mpaka siku ile anapopokea malipo ya kwanza, ameshalikopesha duka shilingi milioni 45, na mtu mwenye Kenta moja na simu ya mkononi hana mtaji wa namna hiyo. Muuzaji wa sabuni au unga anaweza kustahimili, kwa kuwa bidhaa yake haiozi na nyuma yake kuna kiwanda. Muuzaji wa mboga ndiye wa kwanza kuondoka.

Naye haondoki kwa kelele. Mara chache sana utamsikia akisema hataleta tena, kwa sababu bado anadai na anaogopa kupoteza deni lake. Atapunguza. Uliagiza matenga 20, ataleta 12 na kusema gari lilijaa. Wiki inayofuata ataleta 8, nayo yatakuwa ya daraja la pili, kwa sababu zile nzuri amezipeleka hotelini wanakomlipa Ijumaa. Baadaye simu yake itakuwa haipatikani alfajiri. Mwenye duka anayeangalia siku moja moja ataona mzigo umechelewa tu, lakini akichukua oda na hati za kupokelea mzigo za wiki sita na kuziweka sambamba na tarehe za malipo, ataona jinsi mzigo unavyopungua kadiri ankara zinavyolala.

Historia ya karibu inatosha kuwa ushahidi. Kampuni ya supamaketi ya Kenya iitwayo Uchumi ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwezi Oktoba 2015. Nakumatt, nayo ya Kenya, iliyokuwa imenunua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014, ilionekana na rafu tupu katika mwaka 2017 wasambazaji wakidai fedha zao, na mwezi Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi wa mufilisi. Mashamba hayakuwa yameshindwa kuzalisha katika miaka hiyo. Mteja aliyepita katika maduka hayo aliweza kuusoma ugonjwa kwenye kitengo cha mboga miezi kadhaa kabla haujaandikwa magazetini.

Uchunguzi wenyewe ni mwepesi. Andika majina ya wasambazaji wako wote wa mboga, mbele ya kila jina weka tarehe ya ankara ya zamani zaidi isiyolipwa, kisha asilimia ya oda aliyoitimiza mwezi huu. Wale wenye asilimia ndogo wakiwa ndio wenye ankara za zamani, umeshapata chanzo, na dawa yake ni kulipa kwa wiki, hata ikibidi bidhaa zisizooza zisubiri zaidi. Kuongeza idadi ya wasambazaji bila kulipa hakutibu kitu, kwa kuwa habari za mlipaji mbaya hufika Ilala kabla ya gari lako.

Kama malipo yako sawa, geukia masharti ya ubora. Kuna duka nililolihudumia ambalo lilikuwa limeandika kwamba hoho iwe na ukubwa fulani na isiwe na doa hata moja, masharti yaliyonakiliwa kutoka kwa wanunuzi wa ng'ambo, na karani wa mapokezi akiyashika neno kwa neno alikuwa akirudisha kreti sita katika kumi. Msambazaji alivumilia wiki mbili. Sharti la ubora ni jambo la lazima, na sioni haya kulitetea, lakini linatakiwa lifuate mazao ya msimu uliopo: hoho ya kipindi cha mvua huwa na madoa na mteja wa Dar es Salaam huinunua bila kinyongo kwa bei inayoendana nayo. Kagua daftari la mizigo iliyorudishwa. Ikiwa kilichorudishwa kwa wiki kinazidi kile kinachokosekana rafuni, uhaba huo umeutengeneza wewe mwenyewe pale mlangoni.

Halafu iangalie oda yenyewe. Maduka mengi huagiza kwa kunakili oda ya wiki iliyopita, na wiki iliyopita kama rafu ilikuwa tupu kuanzia Alhamisi, mauzo yaliyorekodiwa ni madogo, hivyo oda mpya inakuwa ndogo, na rafu inakuwa tupu kuanzia Jumatano. Huu mduara huweza kuendelea kwa miezi bila mtu kuuona, kwa kuwa kila tarakimu kwenye karatasi ni sahihi. Unapopanga oda, usihesabu siku ambazo bidhaa iliisha. Chukua mauzo ya siku zile tu ambazo rafu ilikuwa na kitu mpaka jioni.

Dalili: mzigo unaingia asubuhi, alasiri hakuna cha kuuza

Hapa bidhaa ilikuja, ikafa mikononi mwenu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba kati ya asilimia 40 na 50 ya matunda, mboga na mazao ya mizizi duniani hupotea au kutupwa kabla ya kuliwa. Sehemu ya hasara hiyo hutokea shambani na njiani, lakini sehemu nyingine hutokea katika mita 30 zilizopo kati ya mlango wa kupokelea mzigo na rafu.

Mboga iliyochumwa bado inapumua, na kwa kila nyuzijoto 10 zinazoongezeka, kasi ya kupumua na kuchakaa kwake huongezeka mara mbili hadi tatu. Mboga ya majani ikipoteza asilimia 3 hadi 5 tu ya uzito wake kwa kukauka, mteja huiacha. Fikiria sasa saladi ya Lushoto. Imekatwa mchana katika milima ya Usambara kwenye ubaridi, ikapakiwa jioni, ikateremka kona za Soni hadi Mombo, ikasafiri usiku kucha, na ikafika Dar es Salaam saa kumi alfajiri ikiwa bado na uhai. Katika duka moja nililokuwa nikifanyia kazi, saladi na brokoli zilikuwa zikitupwa kila siku na kila mtu alikuwa akimlaumu mkulima. Nilikwenda alfajiri moja nikakaa na dereva. Gari lilifika saa kumi na dakika kumi. Mlango wa mapokezi ulifunguliwa saa mbili na nusu, kwa kuwa ndio muda wa karani kuripoti kazini. Kwa zaidi ya saa nne mzigo ulikaa chini ya turubai jeusi, na jua lilipochomoza utingo alilegeza kamba ili upite upepo. Tulipofungua kreti la katikati nikachomeka kipimajoto ndani ya kichwa cha saladi, kilisoma nyuzijoto 29. Majani ya nje yalikuwa yamelegea kama kitambaa kilicholowa, na kwenye sehemu ya kikonyo ilipokatwa palikuwa pameshaanza kuwa na rangi ya kutu. Hakuna jokofu linaloweza kuirudisha saladi iliyofika hapo.

Kwa hiyo ukiwa na dalili hii, usianze kukagua jokofu; anza na saa ya gari kufika na saa ya mzigo kuingia ndani. Baada ya hapo ndipo ukague chumba cha baridi, na hapo kosa la kawaida ni kuweka kila kitu pamoja kwenye joto moja. Saladi, brokoli na karoti hutaka ubaridi ulio karibu na sifuri. Nyanya zikikaa chini ya nyuzijoto 10 kwa siku kadhaa hupoteza ladha, hulegea na hushindwa kuiva sawasawa. Ndizi chini ya nyuzijoto 13 hubadilika ganda na kuwa la kijivu, na matango, bamia na hoho nazo huumia kwenye baridi kali, zikapata vishimo na utelezi vinavyoonekana siku moja baada ya kutolewa. Mfanyakazi anayezitupa siku hiyo ataandika kwamba zilikuja mbovu. Vilevile, ndizi, maembe na parachichi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, ambayo hugeuza matango na mboga za majani kuwa njano zikiwekwa karibu nazo. Duka lisilo na vyumba viwili vya baridi linaweza kuziacha nyanya, ndizi na matunda yanayoiva nje, mahali penye kivuli na hewa, na kuwekea majani chumba peke yake. Hiyo pekee huokoa mzigo mwingi.

Umeme nao ukaguliwe kwa saa, si kwa maneno. Wakati wa mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 maduka mengi yalikuwa na jenereta, ila jenereta ziliwashwa kwa ajili ya taa na mashine za malipo, na chumba cha baridi kikaunganishwa mwisho au kisiunganishwe kabisa.

Dalili: kompyuta inasema mzigo upo

Programu ya stoo inaonyesha kilo 60 za karoti, rafuni hamna hata moja, na kwa sababu programu inaamini zipo, haitoi oda. Karibu kila mara chanzo ni mboga zilizooza na kutupwa bila kuandikwa, au zilizopimwa kwenye mzani kwa namba ya bidhaa nyingine: hoho nyekundu ikauzwa kwa namba ya hoho ya kijani, basi moja ina ziada hewa na nyingine ina upungufu hewa. Hesabu mboga kwa mkono kila usiku, na mfanye anayetupa awe ndiye anayeandika. Tukiwatoza wafanyakazi faini kwa kila kilo iliyooza, wataacha kuandika, na hilo litatugharimu zaidi ya ile kilo.

Dalili: mzigo hufika, lakini umechelewa na umepungua

Nyanya za Ilula mkoani Iringa husafiri zaidi ya kilomita 400 kufika Dar es Salaam, na njia yenyewe inapita mlima Kitonga, ambako lori moja likilala barabarani huzuia mengine yote nyuma yake. Lushoto nako, kipande cha barabara kutoka Mombo kupanda milimani huporomokewa na udongo na mawe nyakati za mvua nyingi. Kuchelewa kwa saa sita kwenye mzigo wa nyanya zilizoiva si jambo la saa sita tu, kwa sababu lori litafika soko likiwa limeshapoa na duka likiwa limeshapitwa na wateja wa asubuhi, na nyanya za chini ya tenga zitakuwa zimeshakandamizwa na uzito wa zile za juu.

Tenga lenyewe lina lawama yake. Hutengenezwa kwa fito na mbao zenye ncha, hujazwa hadi kuvimba juu na kushonewa nyasi au wavu, kisha hupangwa moja juu ya jingine. Ukilifungua utaona tabaka la juu jekundu, safi. Ukifika katikati kuna zilizopasuka na maji yanachuruzika. Chini kabisa utakuta zilizoiva kupita kiasi zimeshikana. Duka linalolipia tenga zima na kuuza theluthi mbili litasema nyanya zimepungua sokoni. Kreti za plastiki, zinazorudishwa shambani na gari lilelile, ni gharama kubwa mara ya kwanza, nami nimeona zikijilipa katika msimu mmoja. Zina faida nyingine: kreti lina ujazo unaojulikana, tofauti na tenga au gunia la lumbesa, ambalo kila dalali hulipimia kwa macho yake.

Unapochunguza uchelewaji, mwombe dereva akuandikie saa ya kuondoka shambani, saa na mahali pa kila kusimama, na saa ya kufika, kwa safari kumi mfululizo. Ukiona anasimama palepale kila mara, iwe ni kwenye mzani, kizuizi cha ushuru au kijiji anakoongeza mzigo wa mtu mwingine, una jambo la kuzungumza na mtu maalumu. Ukiona kila safari inakwama mahali tofauti, hapo ndipo barabara na hali ya hewa vinapohusika.

Dalili: soko lenyewe ni kavu

Sasa tumefika shambani. Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: zao hili huchukua muda gani tangu mbegu mpaka sokoni? Mchicha huchumwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa, kwa hiyo mafuriko yakifagia bustani za bondeni, uhaba wake hudumu kama mwezi mmoja na huisha wenyewe. Nyanya hukaa kitaluni karibu wiki nne, kisha huchukua miezi miwili na nusu hadi mitatu shambani. Uhaba wa nyanya wa leo umetokana na jambo lililotokea takribani miezi minne iliyopita, au na ugonjwa ulioingia katikati. Kitunguu huchukua muda mrefu zaidi, lakini huhifadhika ghalani, ndiyo maana bei yake hupanda polepole kwa wiki nyingi kabla hakijaadimika.

Kwa nyanya, nenda nyuma miezi minne uangalie bei. Mara nyingi utakuta kwamba wakati ule nyanya zilikuwa zimefurika, tenga likauzwa kwa bei isiyorudisha hata nauli, na wakulima wengine wakaziacha zioze shambani. Mkulima aliyepata hasara ile hakupanda tena; alipanda mahindi, au alipumzisha shamba kwa kukosa fedha ya mbegu na dawa. Nasema kwa uchungu, kwa sababu uhaba wa namna hii unatabirika kabisa, na ni sisi wanunuzi tuliofurahia bei ya chini ile. Duka linalotaka nyanya mwezi Aprili lina wajibu wa kumpa mkulima ahadi ya bei mwezi Desemba, anaposia mbegu.

Mvua huleta uhaba kwa njia mahususi, si kwa kunyesha tu. Katika masika ya Machi hadi Mei, unyevunyevu na ubaridi wa milimani hukuza bakajani chelewa, ukungu unaoweza kuunguza shamba zima la nyanya au viazi kwa siku chache, na mkulima hawezi kupiga dawa ipasavyo kwa sababu mvua inaiosha kabla haijakauka. Nyanya zikichumwa zikiwa zimelowa, huoza njiani. Ukimwuliza msambazaji "kuna mvua?" atajibu ndiyo. Mwulize badala yake kama majani yana mabaka ya rangi ya maji yanayogeuka kuwa meusi, na kama mashamba ya tambarare kavu yanayomwagiliwa nayo yameathirika. Yakiwa salama, badili eneo la ununuzi kwa wiki sita. Yakiwa nayo yameharibika, jiandae kwa uhaba mrefu.

Kiangazi nacho kina adui yake. Tuta absoluta, nondo aliyetokea Amerika ya Kusini na kuingia Hispania mwaka 2006, alithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2014, na wakulima wa kwetu wakampa jina la kantangaze. Kiwavi wake hutoboa ndani ya jani na ndani ya tunda, mahali ambapo dawa ya kupulizia haimfikii, na asipodhibitiwa anaweza kumaliza mavuno karibu yote. Nchini Nigeria, jimbo la Kaduna lilitangaza hali ya dharura kwa sababu yake mwezi Mei 2016. Dalili yake utaiona hata wewe kwenye meza ya mapokezi: vitundu vidogo karibu na kikonyo cha nyanya, na uchafu mweusi mdomoni mwa kitundu. Ukianza kuviona kwenye kila kreti, usisubiri nyanya ziishe; umeshapewa taarifa ya wiki kadhaa kabla.

Wakati mwingine shamba limezaa vizuri na bado soko la Dar es Salaam ni kavu, kwa sababu mzigo umevuka. Vitunguu vya Mang'ola wilayani Karatu hufuatwa na wanunuzi wa Kenya na kupitia Namanga kwenda Nairobi, na wakilipa zaidi, ndiko vitakakokwenda. Mwulize dalali namba za magari yanayopakia kule ni za wapi. Jibu hilo ni bora kuliko utabiri wowote.

Dalili: kinachokosekana ni tunda moja la kutoka nje

Tufaha na zabibu zikikosekana huku kila kitu kingine kikiwepo, sina haja ya kukupeleka shambani. Matufaha mengi yanayouzwa Dar es Salaam hutoka Afrika Kusini, na chanzo huwa mpakani, bandarini au kwenye kibali cha afya ya mimea. Mwezi Aprili 2025 Tanzania ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi katika mvutano kuhusu mazao yake yenyewe, zikiwemo ndizi zilizokuwa hazipokelewi Afrika Kusini, kisha ikaliondoa katazo hilo baada ya siku chache. Kilichokuwa njiani katika siku zile kilikwama. Kwa bidhaa ya namna hii fuatilia matangazo ya serikali, na wala usimsumbue msambazaji wako wa ndani.

Mwezi wa Ramadhani na wiki za sikukuu nazo hufanana na uhaba, lakini hapo mahitaji ndiyo yaliyoongezeka, na kalenda ilikuwa ukutani mwaka mzima.

Wakati bado unatafuta

Iondoe ile karatasi ya mvua mpaka uwe umethibitisha. Mahali pa nyanya weka kinachopatikana na mteja anachoweza kupikia: nyanya chungu, bamia, biringanya, matembele, au nyanya ndogo za daraja la pili kwa bei ya chini zikiwa zimeandikwa hivyo waziwazi. Rafu isiachwe wazi, kwa sababu mteja aliyekuja kununua nyanya na akakuta pengo huondoka pia bila mkate na maziwa.

Weka daftari moja mlangoni pa mapokezi lenye safu sita: saa gari lilipofika, saa mzigo ulipoingia, joto la katikati ya kreti, kilichoagizwa, kilichokuja, kilichorudishwa na sababu yake. Karani wa lile duka la saladi aliwekwa zamu ya kuanzia saa kumi alfajiri na akapewa nauli ya bodaboda, kwa kuwa daladala zilikuwa bado hazijaanza. Mlango ukafunguliwa gari linapofika. Wiki ya pili dereva wa Lushoto alikuwa akigeuza gari kabla jua halijachomoza, na mkulima yuleyule tuliyekuwa tukimlaumu aliombwa aongeze kreti tano kwa siku.